Tovuti yangu ya ajira na matokeo imeporomoka Google: nifute kurasa zipi, nibakize zipi?

KijanaWaIgoma

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, hasa kwa wanaoendesha tovuti za matangazo ya kazi na matokeo ya mitihani.

Nina tovuti ya WordPress ninayoiendesha mwenyewe hapa Mwanza. Inahusu nafasi za kazi, kuitwa kwenye usaili, matokeo ya NECTA, waliochaguliwa kidato cha tano na mikopo ya elimu ya juu. Ilikuwa inanilipia kodi ya chumba na bando. Tangu Google ifanye mabadiliko yake makubwa ya Machi 2024, wageni wanapungua mwezi hadi mwezi na hawajarudi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata tangazo nililoliandika kwa kina, nikapiga simu ofisini kuhakikisha sifa zinazotakiwa, linatokea chini ya watu walionakili kutoka kwangu.

Nimeingia Search Console, kile chombo cha bure cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyoonekana kwenye utafutaji. Kurasa nilizonazo ni kama 4,200, na zilizoindeksiwa, yaani zilizowekwa kwenye orodha ya Google ili zitokee mtu akitafuta, hazifiki 1,500. Nyingi ya zilizobaki ziko kwenye lile kundi la kurasa ambazo Google imezipitia, ikaziona, ikaamua kutoziweka.

Mgawanyo uko hivi. Matangazo ya kazi ni kama 2,600 tangu nilipoanza, na yote bado yapo hewani. Matokeo nilitengeneza kiolezo kimoja kinachotoa ukurasa wa kila mkoa: mikoa yote 31, mitihani mitatu (la saba, cha nne na cha sita), miaka minne. Zilizobaki ni kurasa za tagi, kurasa za picha ambazo WordPress inazitengeneza yenyewe, na makala chache za ushauri, kama namna ya kuandika barua ya maombi na jinsi ya kujaza taarifa kwenye Ajira Portal.

Kuna jamaa ananishauri ninunue programu ya akili mnemba irefushe kila ukurasa ufike maneno 1,000. Sitaki kubahatisha, maana hii ndiyo kazi yangu. Mnazitambuaje kurasa zinazoivuta tovuti chini, na mkishazijua mnazifanyaje?

---

Mdau_Ubungo

Mkuu, futa tu. Kila kilichozidi mwaka mmoja tupa, halafu linki zote zielekeze ukurasa wa mwanzo kwa 301 (amri inayomhamisha mgeni kutoka anwani ya zamani kwenda mpya) ili usipoteze nguvu ambayo kurasa hizo zilishaipata Google. Google inapenda vitu vipya. Na zile utakazobakiza zibadilishe tarehe zisomeke za wiki hii.

---

SteshenariKihonda

Ndugu yangu wa Igoma, usifute chochote usiku huu. Na mdau wa Ubungo, kwa heshima zote, hayo matatu uliyoyasema Google wenyewe wameyakataa. Kwenye mwongozo wao kwa wenye tovuti wanauliza kama unaondoa makala za zamani ukidhani tovuti itaonekana mpya, na wanajibu hapohapo kwamba haisaidii. Kubadilisha tarehe bila kubadilisha kilichoandikwa wamekitaja kama dalili mbaya. Na ukielekeza mamia ya kurasa zilizokufa kwenye ukurasa wa mwanzo, wanazihesabu kama kurasa ambazo hazipo, kwa hiyo hiyo nguvu unayotaka kuilinda haivuki. Hata hesabu ya maneno 1,000 haina mguu: wamesema hawana idadi ya maneno wanayoipendelea.

Mimi nina steshenari hapa Kihonda, Morogoro, na pia naendesha tovuti ya mambo hayahaya. Kaunta ndiyo imenifundisha kuliko kozi yoyote. Kila siku nawaona watu wakitafuta kwa simu zao mbele yangu, na naona wanapokwama.

Alikuja kijana mmoja kuchapa barua ya kuomba udereva kwenye kampuni fulani. Alishalipia kutoa nakala za vyeti na leseni. Nikamwomba nilione tangazo. Ukurasa wenyewe ulikuwa mrefu: aya nne za juu zinaeleza umuhimu wa kazi ya udereva katika uchumi, kisha tangazo la biashara, kisha sifa, kisha tangazo jingine, na chini kabisa kitufe cha kupakua PDF. Tarehe ya juu ilisomeka ya wiki ileile. Tukafungua PDF: mwisho wa kupokea maombi ulikuwa mwaka uliopita. Nilimrudishia hela ya kuchapa, lakini za nakala alizotolea kwingine zilikuwa zimekwenda. Ukurasa ule ungepimwa kwa maneno ungefaulu. Ndiyo maana nasema pima hivi: mtu aliyekuja na shida hii, ameondoka ikiwa imekwisha au ameongezewa nyingine?

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Fungua Search Console, sehemu ya utendaji, na uweke kipindi cha miezi 16, ambacho ndicho kirefu zaidi inachokupa. Hili ni la lazima kwa tovuti kama zetu. Ukurasa wa matokeo ya kidato cha nne unaishi Januari. Ukiangalia miezi mitatu ya katikati ya mwaka utauona umekufa, utaufuta, na utakuwa umefuta ukurasa wako bora. Ripoti hiyo ukiipakua inakupa mistari 1,000 tu, na wewe una kurasa zaidi ya elfu nne. Kwa hiyo chuja kwa kipande cha anwani: pakua zenye /ajira/ peke yake, zenye /matokeo/ peke yake, zenye /tag/ peke yake. Kwenye ajira gawa tena kwa mwaka kama mwaka uko kwenye anwani.

Halafu pata orodha kamili ya kurasa zako kutoka kwenye ramani ya tovuti (sitemap, faili lenye orodha ya anwani zako) au moja kwa moja kutoka WordPress, uziweke pamoja kwenye Excel. Watu wengi wanakosea hapa. Ukurasa ambao haujawahi kuonekana kwa mtu yeyote hautokei kwenye ripoti ya utendaji kabisa, kwa hiyo ukiitegemea ripoti peke yake, wabaya kuliko wote wanakukwepa. Zile zilizo kwenye orodha kamili na hazipo kwenye ripoti, zipake rangi. Ongeza safu mbili: linki kutoka tovuti nyingine (Search Console inakuonyesha), na tarehe ya mwisho ya maombi kwa matangazo ya kazi.

Matokeo nayaangalia kwanza, kwa sababu hapo ndipo tatizo lako limekaa wazi. Mikoa 31 mara mitihani mitatu mara miaka minne ni kurasa 372. Nakuuliza kwa nia njema: ukurasa wa kidato cha sita Rukwa unatofautiana na wa Katavi kwa lipi zaidi ya jina la mkoa? Kama zote zinaishia na kitufe kimoja kinachompeleka mtu NECTA, Google ina kanuni iliyoandikwa dhidi ya hilo, ya kurasa zinazotengenezwa kwa kubadilisha jina la mji ili zote zimfikishe mtu mahali pamoja. Na kuna zaidi. Mtihani wa darasa la saba wa NECTA ni wa Tanzania Bara, mikoa 26. Zanzibar wana Baraza lao la Mitihani. Kiolezo chako kimetoa ukurasa wa matokeo ya la saba kwa Kaskazini Pemba na wenzake wanne, kwa miaka minne: kurasa 20 zenye kichwa kinachoahidi jambo ambalo NECTA haina. Mzazi wa Wete akifungua hapo amechoma bando lake bure.

Ningekuwa wewe, ningekuwa na ukurasa mmoja wa kudumu kwa kila mtihani, anwani isiyo na mwaka, na kila msimu nausasisha huohuo. Zile za mikoa na miaka ningezielekeza hapo kwa 301, kila moja kwenye mtihani wake. Kisha ukurasa huo uufanye ujibu yale watu wanayoniuliza mimi kaunta. Hawaniulizi umuhimu wa elimu. Wananiuliza, "Dada, pointi 22 ni divisheni ngapi?" Weka jedwali: kidato cha nne wanahesabu masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ni pointi 1 hadi F pointi 5, divisheni ya kwanza ni 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33, na 34 na 35 ni sifuri. Wanauliza namba ya mtahiniwa inasomwaje, shule wataipataje kama wanajua namba ya kituo tu, na aliyefeli atarudiaje akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Ukurasa wa namna hiyo mtu anaurushia kundi la WhatsApp la wazazi, na siku ambayo tovuti ya NECTA imezidiwa na watu, wa kwako bado una la kumwambia.

Matangazo ya kazi 2,600 ni kazi ya mikono, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini. Yaliyopita muda, hayana linki kutoka nje na hayana aliyeyafungua kwa miezi 16, yaondoe yarudishe 404 au 410, yaani jibu kwamba ukurasa haupo. Watu wanaiogopa 404 bila sababu. Kitu kilichokwisha kikisema kimekwisha, Google haikasiriki. Kama plagini yako inaweka ile alama ya data ya tangazo la kazi kwa ajili ya Google, hakikisha ina tarehe ya mwisho ya kweli. Alama ya tangazo lililokufa inayoendelea kusema liko hai inaweza kukuletea adhabu ya mkono, yaani mtu wa Google mwenyewe amekaa akakuhukumu.

Yale ya mwajiri anayetangaza kila mwaka usiyatupe, yaunganishe. Kama una matangazo tisa ya hospitali moja ya rufaa, tengeneza ukurasa mmoja wa hospitali hiyo: wanatangaza kada zipi, sifa wanazorudia kila mara, maombi yanapokelewa kwa njia gani, na juu kabisa useme kwa herufi nene kama leo kuna nafasi au hakuna. Yale tisa yaelekee hapo kwa 301. Mtu akitafuta kazi za hospitali hiyo, hata siku ambayo hakuna nafasi, anaondoka anajua aandae nini.

Kuhusu tagi sina maneno mengi. Tagi yenye makala moja ni nakala ya makala hiyo, basi. Ziwekee noindex (alama inayoiambia Google isiuweke ukurasa kwenye matokeo yake) kupitia plagini yako. Kurasa za picha zizime kabisa. WordPress kuanzia toleo la 6.4 la Novemba 2023 imezizima kwa tovuti mpya, ila ya zamani kama yako bado inazo mpaka uzizime mwenyewe. Na tafadhali, usiweke noindex halafu ukaufunga ukurasa huohuo kwenye robots.txt, faili linaloieleza Google isiingie wapi. Ukiufunga, Google haiingii kuusoma, kwa hiyo hiyo noindex haitaiona kamwe.

Programu ya kurefusha kurasa iache, ndugu yangu. Sera za spamu walizotangaza Machi hiyohiyo ya 2024 zinataja kuzalisha kurasa nyingi kwa ajili ya kupanda kwenye matokeo bila kumsaidia msomaji, ziwe zimeandikwa na mashine, na mtu, au na wote wawili. Una kurasa 2,600 zisizojibu. Ukizirefusha utakuwa na 2,600 ndefu zisizojibu, na mtu wa bando la buku ndiye atakayelipia.

---

Msimbo_Nrb

Salamu kutoka Nairobi. Dada wa Morogoro amesema vizuri, ila naongeza mawili na napinga moja.

La kwanza, jambo hili si geni. Februari 2011 Google walitoa badiliko lililoitwa Panda, likalenga tovuti zilizokuwa zikizalisha makala nyepesi kwa maelfu, na walisema litagusa karibu 12% ya utafutaji kule Marekani. Agosti 2022 wakatangaza mfumo mwingine wa kupima kama maudhui yanamsaidia mtu, na ule ulikuwa unaiangalia tovuti nzima. Machi 2024 wakauingiza ndani ya mfumo wao mkuu. Ndiyo sababu tangazo lako ulilolipigia simu linaumia pia: kurasa hafifu zikiwa nyingi, zile nzuri zinabeba mzigo wao.

La pili, utasikia watu wakikwambia Google haifiki kwenye kurasa zako mpya kwa kuwa zimekuwa nyingi mno. Usipoteze usingizi kwa hilo. Google wanasema hesabu hiyo inahusu tovuti zenye kurasa kuanzia milioni moja, au elfu kumi na zaidi zinazobadilika kila siku. Wewe una 4,200. Tatizo lako ni ubora.

Ninachopinga ni noindex kwa tagi zote. Tagi kama "kazi Mwanza" au "kazi za uuguzi" watu wanazitafuta kwa maneno hayohayo. Angalia zile zilizo na mibofyo, zipandishe ziwe kategoria zenye maelezo na nafasi zilizo wazi tu, kisha ndio ufunge zilizobaki. Na ukishamaliza, toa kurasa ulizofuta kwenye ramani ya tovuti na kwenye linki za ndani. Nimeona watu wamefuta vizuri, lakini menyu na makala za zamani bado zinampeleka msomaji kwenye 404.

---

KijanaWaIgoma

Dada, na mkuu wa Nairobi, asanteni sana. Nimechuja zenye /matokeo/ kwa miezi 16 kama ulivyosema. Zaidi ya nusu hazipo kwenye ripoti kabisa. Hizo za Zanzibar za la saba sikuwa nimezifikiria hata kidogo.

Lakini nimekuta kitu. Kidato cha nne Mwanza na kidato cha nne Dar es Salaam zina watu wa kutosha kila Januari. Hizo nazo nizielekeze kwenye ukurasa mmoja wa taifa? Pili, kile chombo cha kuondoa kurasa ndani ya Search Console, nikitumie ili zitoke haraka? Na nisubiri muda gani nione nafuu?

---

SteshenariKihonda

Msimbo, hoja yako ya tagi naikubali. Tagi inayotafutwa ibaki na ipewe kazi.

Kijana, Mwanza na Dar usiziguse kwanza. Bonyeza ukurasa wa Mwanza ndani ya ripoti, nenda kwenye maneno yaliyowaleta watu. Kama wanaandika "matokeo kidato cha nne mkoa wa Mwanza", basi kuna mtu anayeutaka ukurasa wa mkoa, na wewe ndiye uliye Mwanza. Uandike kama mwenyeji: wilaya zote saba, Ilemela, Nyamagana, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema na Ukerewe, na shule za kila wilaya na namba zake za vituo, ili mzazi wa Ukerewe afike kwenye shule ya mwanawe bila kupekua orodha ya mkoa mzima. Unganisha miaka yote minne ya Mwanza kwenye ukurasa huo mmoja. Dar ifanyie vilevile kama unaweza kuipa maelezo ya kweli. Kama huwezi, ielekeze kwenye ule wa taifa. Mikoa ambayo hakuna aliyeifungua na huna unachokijua kuihusu, hiyo haina mjadala.

Kile chombo cha kuondoa kinaficha tu, tena kwa miezi kama sita. Ni cha dharura, mfano umeweka namba ya simu ya mtu kimakosa. Kwa kazi hii 301, 404 na noindex zinatosha, Google itazikuta yenyewe ikipita.

Kuhusu muda, jiandae kwa miezi. Google wanasema mabadiliko mengine yanaonekana siku chache baadaye na mengine yanachukua miezi, na wakati mwingine mpaka sasisho kuu linalofuata. Hawatoi ahadi kwamba utarudi pale ulipokuwa, na mimi siwezi kukuahidi. Kwa sababu hiyo fanya kundi moja moja na uandike tarehe kwenye daftari: matokeo leo, picha na tagi baada ya hapo, ajira mwisho. Ukifanya yote siku moja na kitu kikaharibika, hutajua ni kipi. Kabla ya kila kundi chukua nakala ya tovuti nzima, uishushe kwenye kompyuta yako, isikae kwa hosti peke yake.

Wakati unaendelea na hayo, kwenye kila tangazo jipya la kazi weka tarehe ya mwisho ya maombi kwenye mstari wa kwanza, juu ya kila kitu, hata juu ya matangazo ya biashara. Nakuomba hili kwa ajili ya wateja wangu.

Ukifika kwenye ajira, weka hapa safu ya udereva na ulinzi. Hizo nazijua waajiri wake wengi wanaotangaza kila mwaka, nitakusaidia kutenganisha za kuunganisha na za kufuta.